Mafindofindo ya mtoto: lini yatolewe, na lini mzazi angoje?

Mtoto ameamka tena na homa. Hawezi kumeza hata mate, shingo imevimba, na mzazi anapomulika koo kwa tochi ya simu anaona vinundu viwili vyekundu vilivyokaribia kugusana. Ni mara ya nne tangu mwaka uanze. Jirani anashauri vitolewe, kwa kuwa mwanawe alitolewa akapona. Bibi anasema mtoto akatwe kimeo. Muuza dawa anatoa vidonge vilevile vya mwezi uliopita. Mzazi anabaki na swali moja: je, mtoto huyu afanyiwe upasuaji?

Swali hilo lina jibu, ingawa halipatikani kwa kutazama ukubwa wa vinundu hivyo peke yake. Linategemea zaidi mambo mawili ambayo mzazi huyajua kuliko daktari yeyote: koo la mtoto limeugua mara ngapi, na mtoto anapumua vipi akiwa usingizini.

Walinzi wa mlangoni

Mafindofindo, ambayo wengi huyaita tonsesi, ni matonge mawili ya nyama laini yaliyo nyuma ya kinywa, moja kila upande wa koo. Pamoja na adenoidi, yaani nyama iliyofichika juu nyuma ya pua, na nyama nyingine ya aina hiyo kwenye shina la ulimi, huunda duara linalozunguka njia ya hewa na chakula. Vijidudu vinavyoingia kwa pua na mdomo hupita hapo kwanza, na mwili hujifunza kuvitambua na kutengeneza kinga dhidi yake.

Kazi hiyo huwa kubwa zaidi kati ya umri wa miaka 4 na 10 hivi. Mtoto anapobalehe, mafindofindo huanza kunywea. Ndiyo sababu koo la mtoto wa miaka 5 huonekana limejaa, ilhali la mtu mzima huonekana wazi. Mtoto anayekula vizuri, analala vizuri na kukua vizuri hana ugonjwa kwa sababu tu mafindofindo yake ni makubwa.

Wazazi wengi huhofu kwamba mtoto akitolewa mafindofindo atabaki bila kinga. Hofu hiyo imezidi kipimo, kwa kuwa mwili una tezi nyingine nyingi zinazofanya kazi hiyo. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto karibu milioni 1.2 waliozaliwa Denmark ulionyesha kwamba waliotolewa mafindofindo au adenoidi kabla ya kutimiza miaka 9 waliugua zaidi magonjwa ya njia ya hewa katika miaka iliyofuata. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba upasuaji ndio chanzo, maana huenda watoto hao walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Unachofundisha ni kwamba kiungo hiki hakifai kuondolewa bila sababu ya kutosha.

Watoto 1,000 wa New York

Kwa miaka mingi sababu ya kutosha haikudaiwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kutoa mafindofindo kulikuwa miongoni mwa upasuaji uliofanywa zaidi kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1934 ilichapishwa ripoti ya uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule wenye umri wa miaka 11 mjini New York. Watoto 611 walikuwa wameshatolewa. Waliobaki, 389, walipelekwa kwa madaktari, ambao walisema 174 kati yao wanahitaji upasuaji.

Watoto 215 walioambiwa kuwa hawana tatizo walipelekwa kwa madaktari wengine. Hao nao waliwachagua 99. Waliobaki 116 walipimwa kwa mara ya tatu, na karibu nusu yao tena wakaambiwa wapasuliwe. Mwishowe ni watoto 65 tu katika 1,000 ambao hawakuwa wametolewa wala kushauriwa kutolewa.

Kila mara madaktari walichagua karibu nusu ya watoto waliowekwa mbele yao, hata wale ambao wenzao walikuwa wamewaona wazima. Miaka minne baadaye, mwaka 1938, daktari J. Alison Glover alionyesha jambo linalofanana nchini Uingereza: idadi ya watoto waliopasuliwa ilitofautiana mno kati ya wilaya na wilaya, wala hali ya afya ya watoto haikueleza tofauti hiyo. Kilichotofautiana ni mtazamo wa madaktari. Pasipo kipimo kinachokubalika, uamuzi ulifuata mazoea.

Hesabu ya saba, tano na tatu

Kipimo kinachotumika zaidi leo kilitokana na kazi ya daktari wa watoto Jack Paradise na wenzake mjini Pittsburgh, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 1984. Kwa mujibu wa kipimo hicho, upasuaji unaweza kufikiriwa iwapo mtoto ameugua koo mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 au zaidi kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 au zaidi kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo.

Si kila muwasho wa koo unaohesabiwa. Kila mara lazima maumivu ya koo yaambatane na angalau dalili moja kati ya hizi: homa inayozidi nyuzi 38.3 za selsiasi, tezi za shingo zilizovimba au zinazouma, usaha au utando mweupe juu ya mafindofindo, au kipimo kinachothibitisha bakteria aina ya streptokoka wa kundi A. Tena kila tukio liwe limeandikwa lilipotokea, badala ya kukumbukwa baadaye kwa kukisia. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kiliendelea kushikilia hesabu hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 2019, na kinapendekeza kwamba mtoto asiyefikia hapo aangaliwe kwa muda kwanza. Mwongozo wa Scotland nao unatumia hesabu kama hiyo.

Sababu ya kungoja ni kwamba watoto wengi hupata nafuu wenyewe. Katika utafiti wa Pittsburgh, waliopasuliwa waliugua koo mara chache zaidi kuliko wenzao katika miaka miwili ya kwanza, lakini hata wengi wa wasiopasuliwa walipata nafuu kadiri muda ulivyopita. Mwaka 2002 Paradise alichapisha utafiti mwingine, safari hii kuhusu watoto walioathirika kwa kiasi kidogo, akahitimisha kwamba faida waliyoipata haikutosha kuhalalisha hatari za upasuaji.

Tathmini ya pamoja ya tafiti iliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2014 iliweka faida hiyo katika tarakimu: katika mwaka wa kwanza, watoto waliopasuliwa walipata maumivu ya koo mara 3.0 kwa wastani, na wasiopasuliwa mara 3.6. Kati ya hizo mara tatu, moja ni maumivu ya kidonda cha upasuaji wenyewe. Kwa watoto wanaougua sana nafuu huwa kubwa zaidi, na ndiyo maana hesabu ina uzito.

Daftari la mzazi

Hivyo chombo cha kwanza cha uamuzi huu ni daftari. Kila mtoto anapougua koo, mzazi aandike tarehe, joto la mwili kwa kipimajoto, kama tezi za shingo zimevimba, kama kuna usaha, kipimo na dawa aliyopewa, na siku za shule alizokosa. Mtoto anayepelekwa leo kwenye zahanati, kesho hospitali ya wilaya, na keshokutwa duka la dawa, hana kumbukumbu moja inayomfuata isipokuwa ile iliyo mikononi mwa mzazi wake.

Daftari hilo pia husaidia kutenganisha magonjwa. Maumivu ya koo yanayokuja pamoja na mafua, kikohozi, sauti kukauka na macho mekundu mara nyingi husababishwa na virusi, na viuavijasumu havivitibu. Mtoto anayepewa viuavijasumu kwa kila mafua hapati faida, na bakteria wa mwilini mwake hupata nafasi ya kuzoea dawa.

Zipo pia hali zinazoweza kumsogeza mtoto kwenye upasuaji kabla hesabu haijatimia: majipu yanayojirudia kando ya findo, au mzio wa dawa kadhaa unaofanya matibabu kuwa magumu. Na endapo findo moja linakua haraka na kulizidi lenzake, mtoto aonwe na daktari bingwa mapema bila kungoja hesabu yoyote, kwa kuwa mara chache uvimbe wa namna hiyo huwa saratani.

Usiku unapotoa ushahidi

Sababu ya pili ya kutoa mafindofindo haihusiani na homa wala usaha. Kuna mtoto ambaye koo lake haliumi kamwe, ila kila anapolala mafindofindo na adenoidi huziba njia ya hewa. Hukoroma karibu kila usiku, pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka kwa mkoromo mkubwa na kuendelea. Hulala kinywa wazi, shingo imepinda nyuma, jasho likimtoka. Huenda akaanza kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Mchana anasinzia darasani, au kinyume chake hatulii hata kidogo, na mwalimu anamwona mtundu. Wengine hudumaa, hawaongezeki uzito.

Kukoroma usiku mmoja wakati wa mafua si kitu cha kutisha. Kukoroma kila wiki kwa usiku mwingi, pamoja na pumzi kukatika, ni ugonjwa unaohitaji daktari. Kipimo kamili hufanywa katika maabara ya usingizi, huduma ambayo ni adimu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hapo simu ya mzazi huwa na msaada mkubwa: video ya dakika chache ya mtoto akiwa usingizini, ikionyesha kifua kinavyohangaika na pumzi inavyokatika, humweleza daktari mambo ambayo uchunguzi wa mchana hauwezi kuyaonyesha.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye tatizo hili. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerejea katika hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya walioangaliwa tu. Tabia na maisha ya kila siku ya waliopasuliwa yaliboreka zaidi, ingawa majaribio ya umakini hayakuonyesha tofauti kubwa. Upasuaji basi husaidia sana, ila si kila mtoto mwenye tatizo dogo anayepaswa kukimbizwa hospitali, na kwa watoto wanene kupita kiasi tatizo huweza kubaki hata baada ya upasuaji.

Koo na moyo

Katika nchi za Afrika Mashariki na Kati kuna jambo jingine ambalo halifai kusahaulika. Bakteria aina ya streptokoka wa kundi A anayeshambulia koo anaweza, wiki chache baadaye, kusababisha homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu valvu za moyo. Ugonjwa huo umepungua mno katika nchi tajiri, lakini huku bado unawapata watoto wa shule na akina mama vijana.

Kinga iliyothibitishwa ni penisilini, iwe sindano moja ya benzathine au vidonge vya siku 10, au amoksisilini, ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma. Vidonge vikiachwa siku ya tatu kwa sababu homa imeshuka, bakteria wanaweza kubaki. Mtoto ambaye tayari amepata homa ya baridi yabisi huhitaji sindano za kila mwezi kwa miaka mingi. Kutoa mafindofindo hakuchukui nafasi ya matibabu hayo, na mzazi asiyaache kwa kudhani kwamba upasuaji umemaliza kazi.

Kimeo si mafindofindo

Kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi, ni kinyama kidogo kinachoning'inia katikati ya koo. Hakihusiani na mafindofindo. Hata hivyo, kutoka Tanzania na Kenya hadi Rwanda na Burundi, ambako huitwa ikirimi, zipo familia zinazompeleka mtoto kwa mkataji wa jadi kila anapokohoa muda mrefu, kutapika au kukataa kunyonya.

Kukata kimeo hakuponyi kikohozi, homa wala mafindofindo. Watoto waliokatwa kwa wembe au kisu kisicho safi hufikishwa hospitali wakivuja damu, wakiwa na upungufu wa damu, maambukizi ya shingo au pepopunda, na baadhi hufa. Madhara mengine ni kuchelewa: kikohozi kilichodhaniwa ni cha kimeo huwa ni nimonia au kifua kikuu, na siku zilizopotea kwa mkataji ndizo ambazo mtoto angetibiwa. Bibi anayependekeza kimeo anampenda mjukuu wake, na anastahili kuelezwa hayo kwa heshima.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti

Upasuaji wenyewe hufanywa mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa kawaida huchukua chini ya saa moja. Hatari kubwa ni damu. Inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, au baadaye, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati utando unaofunika kidonda unapobanduka. Hutokea kwa watoto wachache kati ya kila 100, na wengi wao hutibiwa wakapona. Vifo ni nadra sana, lakini hutokea, na ndiyo maana uamuzi huu hauchukuliwi kama kung'oa jino la utoto.

Kwa familia inayoishi mbali na hospitali, tarehe hizo zina maana ya pekee. Mtoto aliyeruhusiwa siku ya pili, akarudishwa kijijini kwa saa sita za basi, atakuwa mbali na chumba cha upasuaji katika siku zilezile ambazo damu inaweza kutoka. Mzazi akiweza, apange mahali pa kufikia karibu na hospitali kwa muda wa wiki mbili, na gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo.

Baadhi ya watoto huhitaji maandalizi zaidi: wenye selimundu, wenye damu isiyoganda vizuri au historia hiyo katika ukoo, wenye upungufu wa damu, walio chini ya miaka 3, na wale ambao pumzi yao hukatika sana usiku. Hao hufaa kulazwa na kuangaliwa usiku kucha baada ya upasuaji.

Maumivu hudumu siku 7 hadi 14, na mara nyingi huenda hadi masikioni. Utando mweupe au wa kijivu kooni si usaha, ni sehemu ya kupona. Jambo kuu ni mtoto kunywa maji mara kwa mara, hata kwa kijiko, na kula uji, supu au mtindi. Maumivu hutulizwa kwa parasetamo au ibuprofeni kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, kama daktari alivyoelekeza. Aspirini haifai.

Kodini nayo ni marufuku. Baada ya watoto kadhaa waliokuwa wametolewa mafindofindo kufariki, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali zaidi mwaka 2013 dhidi ya kuwapa watoto dawa hiyo baada ya upasuaji huu. Mwili hugeuza kodini kuwa mofini, na kuna watu ambao miili yao hufanya hivyo kwa kasi mno hadi pumzi kusimama. Urithi huo umeonekana kwa wingi nchini Ethiopia na Afrika Kaskazini, na mzazi hawezi kuujua kwa kumtazama mtoto.

Dalili za kurudi hospitali mara moja ni damu nyekundu mdomoni au puani, kutapika damu, mtoto kumezameza mfululizo akiwa usingizini, kupumua kwa shida, au kushindwa kunywa hadi mkojo unapungua. Damu hata kidogo haingojewi hadi asubuhi.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Mzazi anayefika kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo ana haki ya kuuliza: Sababu ya upasuaji ni maambukizi au ni pumzi ya usiku? Mtoto amefikia hesabu inayokubalika? Nini kitatokea tukingoja miezi 6 au 12? Adenoidi nazo zitatolewa? Nani atamsimamia mtoto akiwa kwenye dawa ya usingizi, na damu ikitoka usiku wa siku ya saba, simu ipigwe wapi?

Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Na jibu la "tungoje kidogo" lisichukuliwe kuwa ni kunyimwa matibabu. Kungoja kwenye manufaa ni kungoja kwa macho: daftari likiandikwa, dawa ikimalizwa, usiku ukisikilizwa, na tarehe ya kurudi ikiwa imepangwa. Mtoto ambaye hesabu yake itapungua mwaka ujao ataepushwa kisu. Yule ambaye hesabu yake itatimia, au ambaye pumzi yake inakatika kila usiku, atapelekwa chumba cha upasuaji kwa sababu ambayo mzazi wake anaijua na anaweza kuieleza.